Kimya cha Mfuo wa Kushoto

Zamani kipofu aliyetaka kwenda mlimani kwa skii, mbao za kutelezea juu ya theluji, alipewa mtu; siku hizi anapewa kidude cha kutia sikioni.

Eilif Haugstad alimwambia hivyo kila aliyeketi karibu naye kwenye mkahawa wa kituo cha skii, na ndiyo maana aghalabu aliketi peke yake. Alikuwa fundi bomba mstaafu, mgane asiye na mtoto, aliyejisomesha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima na kubishana navyo kwa sauti jikoni. Marehemu mkewe alizoea kusema kwamba ukitoa ubishi, kuishi na Eilif ni kama kuishi na jiko lililozimika.

Mwaka mzima aliingojea wiki moja tu, ile ya kabla ya Pasaka, wasioona na waliopooza walipokuja kituoni hapo, bondeni Valdres, kula likizo kwenye theluji. Wiki hiyo alikuwa na kazi: kumwongoza Gunnvor.

Gunnvor alikuwa mkandaji wa misuli kutoka mji wa Bergen, mwanamke wa kicheko kikubwa, asiyeona tangu utotoni. Njia ilichorwa mifuo miwili thelujini; yeye aliteleza katika mfuo wa kulia, Eilif katika wa kushoto, bega kwa bega. Maneno yalikuwa machache: kulia, kushoto, mteremko, na "Kaa!" la hatari, ambalo ukilisikia unajibwaga matakoni papo hapo. Kwingine kote ilikuwa kimya. Kimya maana yake njia nyoofu, nenda. Eilif aliamini kwamba duniani ni mtu mmoja tu aliyewahi kukipenda kimya chake.

Kisha Gunnvor akapasuliwa nyonga, na majira mawili ya baridi yakapita bila yeye kuonekana kituoni. Aliporudi, kituo kilikuwa na mkuu mpya, Maiken, na kila mwongozaji alifungwa kipaza sauti shavuni, ili asiyeona amsikie sikioni.

"Vaa, Eilif," Maiken alisema.

"Mimi si rubani."

"Na mimi si mamako, hata nikubembeleze. Haya, mzunguke ziwa mara moja bila hicho kidude. Gunnvor akiridhika, ni wako. Asiporidhika, anakwenda na yule kijana mwongozaji, Sindre."

Eilif alizipaka nta skii za Gunnvor kwa mkono, kama zamani, ingawa siku hizo mashine ya kazi hiyo ilikuwepo.

Ziwa lilikuwa limeganda, tambarare tupu. Wakaenda, Eilif kimya, moyo wake umetulia kuliko mwaka mzima. Katikati ya mzunguko Gunnvor akasimama ghafla.

"Eilif! Umeanguka?"

"Nipo hapa. Njia imenyooka."

"Mbona husemi?"

"Nilisema lini?"

Gunnvor akaegemea fimbo zake za skii. Akamweleza kwamba mwaka jana alikwenda kituo kingine, huko Trysil, na binti aliyemwongoza aliongea naye sikioni tangu asubuhi: sungura huyo anavuka, mtu mwenye koti la njano ameanguka, ukungu unashuka mlimani.

"Miaka yote hii, Eilif, hukuniambia hata mara moja kuna nini hapa."

"Nilidhani unapenda kimya."

"Nilikipenda. Sikujua kuna kitu kingine."

Wakaendelea. Eilif akakohoa, akajaribu.

"Kuna theluji."

"Hilo nimeshalikisia."

"Kuna mlima."

"Wa namna gani?"

Eilif aliutazama mlima alioutazama tangu kuzaliwa. "Mkubwa," akasema.

Gunnvor alicheka hata ikabidi asimame tena. "Basi, mzee wangu, pumzika, usije ukapasuka mshipa." Akalipapasa bega la Eilif, akalibana kwa mkono wake wa kazi. Eilif akajua kwamba ameagwa.

Jioni Maiken alikuja mezani kwa Eilif. Alimsogezea kahawa na kipande cha mkate wenye jibini ya kahawia, akaenda zake.

Mara ya mwisho kumwona Gunnvor ilikuwa Jumamosi ile. Eilif alisimama kandoni mwa njia, chungwa mfukoni, kama lile walilokuwa wakigawana kila mwaka juani. Sindre alikuja katika mfuo wa kushoto, mdomo haupumziki, na Gunnvor kando yake, uso juu, akicheka. Eilif alisubiri kusikia Sindre akimwambia kwamba kuna mzee amesimama kando ya mti wa mbetula. Sindre alikuwa akieleza habari za kunguru. Wakapita.