Mwizi Anayevua Viatu

Mwandishi wa riwaya huandika kwa penseli kwenye meza ya kulia chakula, dirisha kalipa mgongo. Kila akimaliza ukurasa huunyoosha kwa kiganja kama anayepiga shati pasi, kisha humpa binti yake auchape. Binti hamung'unyi maneno. Leo kasoma sura ya wizi, akaangua kicheko.

“Baba, mwizi gani huyu anavua viatu mlangoni? Anakwenda kuiba au kuposa?”

Mzee akacheka naye, akachukua raba, akafuta. Akamwingiza mwizi na viatu vyake, vimejaa tope. Penseli ikasimama. Akakuna shingo, akakohoa kile kikohozi chake cha kutafuta neno, akafuta tena. Mara ya tatu karatasi ikatoboka.

“Mwache avue,” akasema taratibu. “Hiyo sakafu kuna mtu kaipiga deki.”

Binti akayakumbuka magoti ya bibi yake, aliyemlea mzee huyu kwa kusafisha nyumba za watu. Magoti magumu kama visigino. Akaichapa sura kama ilivyokuwa mwanzo, akaongeza lake moja: mwizi alivisogeza viatu kando ya mlango, visije vikamkwaza mwenye nyumba.