Nilimpigia Baba Hesabu ya Uongo, Shamba Likaenda

Nimekosa, ndugu zangu. Kosa langu nalisema hapa mbele ya watu nisiowajua kwa sababu nyumbani sina tena uso wa kulisemea. Mkitaka kunitukana, nitukaneni tu.

Nina miaka ishirini na tisa, kwetu ni karibu na Lumino, Busia ya Uganda. Tangu shule ya msingi hesabu kwangu ilikuwa mchezo. Nilipomaliza sekondari nilikuwa na njia mbili. Kulikuwa na chuo cha ufundi Tororo, miaka miwili ya kusomea umeme, karo ya kulipika kwa mahindi na ng'ombe mmoja. Na kulikuwa na digrii ya hesabu Kampala. Mimi nikataka digrii. Nilitaka kuitwa msomi, jamani!

Baba aliacha shule darasa la nne. Siku moja alivuta kiti karibu yangu, akasema, "Mwanangu, mambo ya chuo kikuu siyajui. Hebu nipigie hesabu wewe. Nikikopa, tutalipa na nini?"

Na mimi jibu nilikuwa nalo! Nilikuwa nimeshamuuliza mwalimu aliyenifundisha hesabu, naye hakunificha. "Huo mshahara mkubwa unaousikia ni wa walimu wa sayansi wa serikali, waliosomea ualimu," aliniambia. "Digrii ya hesabu peke yake haikufikishi huko. Utaishia shule za watu binafsi, na huko ni laki tatu, tena ukibahatika. Mwambie mzee ukweli, aamue akijua."

Nilimwambia? Wapi!

Nilichukua karatasi nikaandika mshahara wa milioni nne kwa mwezi. Nikatoa chakula, nikatoa nyumba, nikatoa riba. Nikamwonyesha baba: mwaka mmoja tu wa kazi, deni limekwisha. Mama alikuwa akipepeta mtama, akapiga kigelegele. Baba akacheka, "Kumbe kusoma kuna faida hivi!"

Ee Mungu wangu, kile kicheko.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa mahindi mjini Busia, akakopa. Rehani ikawa shamba, ekari mbili alizoachiwa na babu.

Nilisoma, nikafaulu vizuri. Lakini kila nilikopeleka barua ya kuomba kazi ya serikali waliniuliza, "Cheti cha ualimu kiko wapi?" Nikaishia shule ya mtu binafsi upande wa Tororo. Laki tatu, kama nilivyoambiwa. Nikilipa chumba na chakula, nabaki nahesabu sarafu.

Baba akipiga simu, "Deni linapanda, mwanangu," najibu, "Serikali imechelewesha mshahara, baba." Nilisema hivyo miaka miwili! Naye aliniamini. Alikuwa akimwambia mwenye deni, "Vumilia, mtoto wangu anadai serikali."

Siku moja nikaitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Nilipofika mlangoni nilimkuta baba ndani, amevaa shati lake la kanisani, kofia mkononi. Alikuwa akiniombea! "Mheshimiwa, nakusihi, mlipeni kijana wangu zile milioni zake. Tunaumia nyumbani."

Mkuu wa shule alinitazama mimi kwanza. Kisha akasema kwa upole, "Mzee, hii si shule ya serikali. Kijana wako analipwa laki tatu, na za mwezi huu amepokea."

Nilitamani ardhi inimeze.

Baba alishukuru, akatoka. Nilimfuata hadi getini. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Ulipokuwa unaniandikia ile hesabu, ulijua?"

"Nilijua, baba."

Aligeuza ile kofia mkononi. "Ungeniambia. Ningekusomesha vilevile, kwa jinsi ulivyopenda hesabu. Ningeuza ng'ombe wote, ungengoja mwaka mmoja, lakini shamba nisingeligusa."

Akapanda boda akaenda zake. Heri angenichapa!

Shamba lilichukuliwa baada ya mavuno. Sasa sikilizeni linaloniua. Mwenye shamba mpya hutafuta watu wa kupalilia, anawalipa kwa siku, na mama ni mmoja wao. Nilipomlilia aache, alisema, "Afadhali hapa. Hata mawe yake nayajua." Baba hapiti tena njia ile. Akienda sokoni anazunguka mbali, nyuma ya kanisa, na miguu yenyewe inamsumbua.

Kila mwezi natuma laki moja. Mama anapokea, anasema, "Asante sana, Mungu akubariki." Ni maneno mazuri, lakini anayasema kama anayemshukuru mgeni. Baba haji kwenye simu.

Wewe kijana unayesubiri kwenda chuo, hesabu isome kama unaipenda. Mimi naipenda mpaka leo, na kosa si lake. Lakini mzazi akikuuliza utalipwa ngapi, usimtajie mshahara wa ndoto zako. Mtajie wa yule aliyemaliza juzi na bado anazunguka na bahasha kwapani. Kama ukweli huo utakunyima nafasi mwaka huu, ukunyime! Chuo kitakungoja. Shamba likienda, limekwenda, na mama yako atalipalilia kwa kibarua.