Isale Juu ya Meza ya Vifungo

Clotilda alikuwa mwoga, na hakuwahi kujidai vinginevyo. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa kutajwa jina lake mkutanoni. Siku ya harusi yake padri alipomuuliza kama anakubali, alijibu kwa sauti ndogo hata ikabidi aulizwe tena, na watu wa upande wa bwana harusi wakaangua kicheko. Mumewe, Gaudens, alipofariki na kumwachia binti mmoja, Klara, na fremu ya duka Mtaa wa Kongo, ndugu walidhani atafunga virago arudi Uchagani kabla ya masika. Hakurudi. Alibaki pale pale Kariakoo, katikati ya wapiga debe na mikokoteni, akiuza nyuzi, zipu, lastiki na vifungo, akizungumza na wateja huku macho ameyainamisha mezani.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mitumba inamwagwa barabarani na kila mwenye miguu miwili ni mfanyabiashara. Kule mlimani nako mambo yalikuwa yanabadilika. Urieni, kijiji cha ukoo wa Gaudens, kiko juu kabisa, migomba inapokomea na msitu unapoanzia. Kwa miaka mingi vijana wa huko walikula kwa kupasua mbao kwa kificho. Mwalimu mstaafu mmoja, Polycarp, akawashawishi wajaribu njia nyingine: wakaribishe wageni. Wapasua mbao wakageuka kuwa waongozaji, maana hakuna aliyezijua njia za msitu kuwashinda. Wageni wakalala kwenye nyumba za watu, wakala ndizi za kina mama, na kila aliyekuja aliacha fungu la kijiji. Zahanati ikapata bati, shule ikapata kitalu cha miche. Miti mikubwa thelathini ikahesabiwa, na watoto wa darasa la sita wakaipaka kila mmoja namba kwa rangi nyeupe, ili mgeni akiuliza ajibiwe.

Walichokosa ni mtu wa mjini. Barua za wageni zingepokelewa wapi? Polycarp akamtaja Clotilda.

"Huyo hata kusema hasemi," mtu mmoja alipinga.

"Hatutafuti mhubiri," Polycarp akasema. "Tunatafuta mtu wa kuandika kilichopo."

Tangu mwaka wa tisini na tatu, basi, wageni walikuwa wakilitafuta lile duka la vifungo, wakiwa wamechoka na jua, na Clotilda akiwapa kiti na maji na barua ya kumpelekea Polycarp. Barua ilisema wako wangapi, wanalala siku ngapi, wanapanda mpaka wapi. Kijiji kilijipanga kwa barua hiyo.

Mwaka wa tisini na sita, Jumatatu moja ya mwezi wa nane, alikwenda kutafuta shelfu. Fundi mmoja upande wa Msimbazi alikuwa na karakana ya wazi, mbao zimeegeshwa ukutani. Clotilda hakuwa ameingia sawasawa harufu ilipomkamata: kali, baridi, kama karafuu maiti. Mkulo, mti wa msitu wa kule kwao. Harufu ya sanduku la mama yake, la kuwekea nguo za Krismasi. Alijisikia vizuri kwa kitambo kifupi tu.

"Kaa, mama, nimalizie hii," fundi akamwambia, akimwonyesha benchi.

Benchi lenyewe lilikuwa banzi, kile kipande cha kwanza cha gogo chenye gome upande mmoja, kimewekwa juu ya matofali mawili. Clotilda akashika ukingo ili aketi, na vidole vyake vikagusa kitu laini juu ya gome. Akainama kutazama. Rangi nyeupe. Moja, halafu nne, ile nne ya watoto yenye mguu mrefu.

Chini ya mti wa kumi na nne ndipo wageni walipopumzikia. Watu saba wakishikana mikono hawakuweza kuuzunguka.

"Mbao hizi za nani?" aliuliza, na hakuitambua sauti yake.

"Za Mzee Rogath. Kwani si shemeji yako? Anasema zinakuja nyingine, nzuri kuliko hizi. Mama, vipi? Mbona hivyo?"

"Jua," Clotilda akasema, akatoka. Alitembea mpaka dukani akiwa amekumbatia mkoba kama mtu anayekimbizwa.

Rogath alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Mtu mkubwa, mwenye maduka mawili Kariakoo na neno la mwisho katika ukoo. Alikuja kesho yake asubuhi, akajaza mlango mzima.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Biashara?"

"Tunamshukuru Mungu."

Rogath akavuta kigoda, akachukua kifungo kimoja, akakigeuzageuza. "Nasikia unatafuta shelfu."

"Nilikuwa napita tu."

"Ungeniambia. Mke wa marehemu mdogo wangu azunguke kwenye karakana za watu kama asiye na wenyewe?" Akacheka, halafu akaacha ghafla. "Fundi anasema ulishtuka kama umemkalia nyoka."

Clotilda alianza kupanga rili za nyuzi zilizokwisha pangwa.

"Una wageni wiki hii?"

"Watano. Wanakuja Alhamisi kuchukua barua. Wanasafiri Ijumaa."

"Wanapanda juu?"

"Ndiyo njia yao. Ni wa kwanza tangu masika."

"Sasa sikiliza. Wao utawaambia njia ya juu imeharibika. Na Polycarp utamwandikia kwamba wageni ni wazee, wanaishia maporomoko ya chini."

"Wageni ni vijana, shemeji."

"Kwenye barua watazeeka." Akarudisha kifungo katika boksi, si lile alilokitoa. "Wiki mbili tu. Nimebakiza miti sita. Huku mjini mtu mwenye ghorofa hataki mninga tena, anataka mkulo. Niwaambie nini, wangoje wazungu wamalize kupiga picha?"

Alisimama. Mlangoni akageuka, na sasa alisema kwa upole.

"Gaudens amelala kwenye kihamba cha baba yetu. Mipaka ya kihamba kile naijua mimi. Desemba ukoo wote utakuwa juu. Tusije tukaanza kuulizana habari za ardhi mbele ya kaburi."

Kihamba kile, shamba la migomba na nyumba ya bati ya vyumba viwili, ndicho alichokuwa nacho Clotilda duniani mbali na ile fremu ya kupanga. Klara alizaliwa pale. Pembeni ya kaburi la Gaudens palikuwa na nafasi moja, na Clotilda, kama mjane yeyote wa kwao, alijua ni ya nani.

Siku ile hakula. Alikosea chenji mara tatu. Kila kivuli kipana kilichopita mlangoni kilimpiga moyoni. Mchana Bharti, jirani yake mwenye duka la vitambaa, alikuja kuazima mkasi akamkuta ameshika kalamu juu ya karatasi tupu.

"Mama Klara, unaumwa wewe?"

"Sijalala, Mama Paras."

Akamwambia yote. Hakukusudia, maneno yalitoka yenyewe kama uzi uliokosa fundo. Bharti alisikiliza akiwa amejishika shavu.

"Funga duka," akasema mwishowe. "Sema malaria. Mimi nikimwogopa mama mkwe wangu, nashikwa malaria wiki nzima. Daktari anajua, mume wangu anajua, mama mkwe peke yake ndiye hajui."

Clotilda alicheka kidogo, halafu machozi yakamtoka. "Nikifunga, wageni watapanda bila barua au hawatapanda kabisa. Na ile sita itaanguka. Ikianguka ile, vijana watasema kumbe wenyewe wanakata. Watarudi kwenye msumeno wote. Itabaki nini ya kuonyesha mgeni?"

"Na ukiandika?"

"Nikiandika, sina pa kuzikwa."

Bharti aliondoka bila mkasi.

Jumatano ikapita barua haijaandikwa. Aliandika "wageni watano, wazee," akachana. Aliandika "mti wa kumi na nne," akachana vipande vidogo zaidi, akavitia mfukoni asije mtu akaviokota.

Alhamisi saa tano asubuhi Rogath alirudi. Safari hii hakukaa. Alikuwa amevaa koti kama mtu anayekwenda kanisani, na mkononi alishika gazeti lililokunjwa. Bharti alikuwepo, amefuata ule mkasi aliousahau, na fundi cherehani mmoja alikuwa akichagua zipu. Rogath akalifungua gazeti juu ya meza, kati ya maboksi ya vifungo.

Ndani yake mlikuwa na jani la isale, refu na bichi, limefungwa fundo katikati.

"Limeshuka na basi la jana," akasema. "Shemeji, mbele ya hawa, nimekosa. Pokea."

Kwa Wachaga isale si pambo la bustani. Hupandwa kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi. Aliyekosa hulifunga fundo akampelekea aliyemkosea, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Akilipokea, neno limekwisha. Halitajwi tena na mdomo wowote. Akilikataa, balaa la lile kosa linamgeukia yeye na uzao wake. Clotilda alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne na alikuwa mtu wa kanisa, lakini alipoliona lile fundo alimfikiria Klara. Ndipo alipofahamu jinsi shemeji yake alivyompima. Vitisho vingeweza kumfanya anyamaze mwaka mmoja. Isale lingemnyamazisha mpaka kufa.

"Pokea, shemeji," Rogath akarudia. "Ama unataka watu waseme umelikataa isale la mkubwa wako?"

Fundi cherehani akaweka zipu chini taratibu. Nje mkokoteni ulikuwa umeziba njia na watu wanatukanana.

Mkono wa Clotilda ulinyanyuka. Ukasimama hewani, juu ya jani, haujaligusa.

"Umenikosea nini?" Clotilda akauliza.

"Unajua."

"Mwenye isale hulitaja kosa. Marehemu baba mkwe alilitaja, alipowapelekea akina Mowo. Nilikuwepo."

Rogath aliwatupia macho wale wawili. "Mambo ya ukoo hayatajwi mbele za watu baki."

"Umewaita wewe kuwa mashahidi, shemeji." Clotilda akaurudisha mkono wake. "Mimi hukunikosea. Ulinitisha tu, na kutishwa nimezoea. Ule mti haukuwa wangu."

"Clotilda!"

"Siwezi kupokea la watu wengine. Nikipokea, nitakuwa nimewaibia na mimi."

Rogath aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wake. Alinukia sabuni na mkulo. "Limeshafika mezani kwako," akasema chini chini. "Limefika, limepokelewa. Ukifungua mdomo sasa, ujue balaa unamfungulia nani." Akatoka, akaacha gazeti na jani.

"Hili sasa tunafanyaje?" Bharti akauliza, akiwa amelikaa mbali kama kitu kinachouma. "Tunatupa?"

"Halitupwi."

"Basi weka."

"Haliwekwi."

Wakalitazama. Clotilda alikaa kwenye kigoda. Hakuweza kulipokea, hakuweza kulikataa, na wageni walikuwa wanakuja saa tisa. Ilimchukua muda mrefu kuona kwamba kuna la tatu, na alipoliona aliogopa zaidi kuliko siku zote tatu zilizotangulia.

Aliliinua lile jani kwa gazeti lake, vidole visiguse. Akachukua bahasha kubwa ya kaki, ile ya kupelekea sampuli za lastiki, akaliingiza ndani. Kisha akaandika, polepole, bila kuchana:

"Mwalimu Polycarp na kamati. Wageni ni watano, vijana, wanapanda juu. Shemeji yangu Rogath ameleta isale dukani kwangu mbele ya mashahidi wawili. Mimi siye niliyekosewa. Mti wa kumi na nne umeanguka na sita mingine imekusudiwa. Nawapelekea isale lake, mlipokee ninyi mlio wenyewe, naye aje alitaje kosa lake kwenu kama ilivyo desturi. Mimi naogopa. Clotilda."

Neno "naogopa" alitaka kulifuta. Akaliacha. Lilikuwa kweli.

Wageni walikuja, wakanywa maji, wakachukua bahasha, na mmoja wao akauliza kwa Kiswahili cha kujifunza kama ni zawadi. "Ni mzigo," Clotilda akasema. "Usifunguliwe njiani."

Siku zilizofuata alifungua duka nusu mlango. Rogath hakuonekana, na kutoonekana kwake kulikuwa kubaya kuliko kuonekana. Jumamosi fremu yake ilipigwa kufuli la pili, asilolijua. Akasimama nje mpaka fundi wa kufuli alipokuja. Jumapili alikwenda misa ya kwanza akaondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Usingizi ulimjia vipande vipande.

Jumatano Bharti akamwita kwa kelele kutoka dukani kwake. "Mama Klara! Simu! Moshi!"

Ilikuwa sauti ya Polycarp, inakwenda na kurudi.

"Tulikaa jana, kijiji kizima," alisema. "Isale limepokelewa. Tungelikataaje? Hatumpeleki polisi. Lakini lazima apande, asimame mbele ya watu, alitaje. Ametumiwa wazee wawili. Ile sita imesimama, vijana wanalala huko huko msituni kwa zamu. Wageni nao waliandamana na vijana hao."

"Asante, Mwalimu."

"Mbona huchangamki?"

Clotilda aliushika waya wa simu, akauzungusha kidoleni. Bharti alikuwa amemkazia macho.

"Na kihamba?" aliuliza.

Simu ikakoroma.

"Hilo ni la ukoo," Polycarp akasema. "Ukoo haujakaa. Watakaa Desemba. Siwezi kukudanganya, binti yangu, sijui watasema nini."

"Utakuwepo?"

"Mimi si mtu wa ukoo wenu. Wataniruhusu nje ya ua."

"Basi kaa hapo nje ya ua," Clotilda akasema. "Nitasema kwa nguvu usikie."

Akakata simu. Bharti akamshika mkono kuvuka mtaa, kama mtu anayemvusha mgonjwa, mpaka mlangoni pake ambako wateja wawili walikuwa wanamngoja na wamekwisha anza kulalamika.