Pampu Isiyolia

Juzi, kwenye duka la vipuri Ganjoni, mzee mmoja aliyekuja na pampu kuukuu ya dizeli ya lori alikuwa akichagua mpya. Kila aliyopewa iliunganishwa na betri, naye akaitegea sikio.

"Hii yalia."

"Lakini haitakuacha njiani, mzee wangu," muuzaji akasema. " Lori na ukimya wapi na wapi?"

"Lori ni la marehemu ndugu yangu, hulala nje ya nyumba yake. Mkewe amekaa eda. Alfajiri nikiwasha, pampu ikilia tu, huamka akabandika chai ya mumewe. Kisha hukumbuka."

Muuzaji akazima redio, akatoa nyingine. Haikusikika kabisa. Alipotaka kuitupa ile kuukuu, mzee akamshika mkono.

"Hiyo nifungie kwenye karatasi, nikaiweke."

Nasi vitu kama hivyo huviita vyuma chakavu.