Kibati cha Duka la Jego

Bi Zainabu wa Msambweni aliishi kwa kukaanga samaki, lakini jina lake lilivuma kwa vibati. Zamani za vita vya pili vya dunia, senti zilipoadimika, wenye maduka waligonga vibati vyao vya shaba wakavitoa kuwa chenji. Mteja akirudi navyo hupewa sukari au mafuta ya taa. Zainabu alivikusanya mkebeni, na kila kimoja alijua duka lake.

Siku moja Jaafar, kijana anayehudumu mezani hotelini Diani, akamletea kibati cha duka la kijiji cha Jego, akitaka kumuuzia. Zainabu hakuwahi kukiona cha duka hilo. Angefurahi, lakini roho ilisita. Herufi zilikuwa za kale, ila kingo zilikuwa laini, zinang'aa, hata kutu ya kijani hazina. Alipomwuliza amekitoa wapi, Jaafar alisema kwa rafiki. Punde akasema alikiokota shambani.

"Niachie nikitazame," Zainabu alimwambia. "Kesho kutwa tutasemezana."

Asubuhi yake hakuwasha meko. Alishika njia ya Jego, akiamini Ukunda kuna fundi anayeghushi vibati na Jaafar ndiye mchuuzi wake. Huko akaonyeshwa nyumba ya Bi Mwanaima, binti wa mwenye duka lile, sasa mkongwe. Zainabu akampa shikamoo, akafungua kiganja.

Mwanaima alikitwaa, akapitisha kidole kwenye tundu lake.

"Hiki alikigonga baba. Wanangu wote wamekivaa kiunoni uchangani mwao. Wewe umekipata wapi?"

Kumbe ulaini ule ni wa ngozi za watoto. Kibati kilikuwa cha kweli. Mwenye kukileta ndiye aliyekuwa na lake la kuficha. Zainabu akamtaja. Mwanaima akalitambua jina. Jaafar ni kitinda mimba wake, na majuzi alikuja kumjulia hali, akajitolea kumpangia kasha la nguo, ambamo kibati kilihifadhiwa.

"Na anayemtuma ni wewe?"

Zainabu akaapa kwamba sivyo. Akaeleza habari za mkebe na za safari yake, na kila alivyozidi kueleza ndivyo alivyojisikia mwongo. Akaomba japo akipige picha. Mwanaima alikifunga kwenye pindo la leso, akasimama mlangoni hadi mgeni alipovaa viatu.

Jaafar alipokuja, Zainabu alimwambia kibati kiko kwa mama yake. Kijana akageuka, akaenda zake. Siku hizi hununua samaki kwa mwingine. Na Zainabu, akiletewa kibati, huuliza kwanza aliyekileta ni mwana wa nani.