Krimu ya Pelagia

Milembe binti Malimi alirudi kwa kaka yake Ngassa, kijiji cha jirani na Malampaka, mwaka 1954, baada ya mumewe kufa na shemeji zake kumfukuza. Alirudi na vibuyu vyake vya kusukia maziwa na ulimi mkali. Mke wa Ngassa, Klementina, hakumtaka tangu siku ya kwanza. Alimpa kibanda kilichokuwa cha mbuzi, na Milembe naye akahakikisha kila mgeni anajua alikolazwa.

Kazi yake ilikuwa samli. Wanawake wa vijiji vitatu walinunua kwake, ya kupikia na ya kupaka mwilini, kwa sababu pua yake haikukosea. Mafuta yakianza kuchacha aliyajua siku mbili kabla ya mtu mwingine, na aliyamwaga hata kama debe limejaa.

Mwaka 1956, pamba ilipouzwa, Klementina alikwenda Malampaka stesheni kumnunulia bintiye Pelagia vitu vya harusi. Ndoa ilikuwa ifungwe kanisani baada ya Jumapili mbili. Alirudi na kanga, viatu, na kikopo cha krimu ya uso, cha kwanza kuingia boma lile. Baadaye ilijulikana kwamba vikopo hivyo vilikaa miaka kwenye stoo ya bati, vikipikwa na jua. Havikuandikwa tarehe, na hakuna aliyeuliza.

Siku hiyo kikopo kilipita mkono kwa mkono kwa majirani. Kilipomfikia Milembe, alifungua akanusa. Juu palikuwa na maji, chini krimu imegeuka manjano na kufanya chembechembe, na harufu ilikuwa ya karanga zilizovunda. Angeweza kusema hivyo tu. Badala yake alicheka, akasema mbele ya wanawake wote kwamba kimeoza kama moyo wa aliyekinunua.

Klementina alimpokonya. Alimwambia kwamba mjane asiye na mtoto hana la kusema juu ya harusi ya mtoto wa mwenzake.

Pelagia alipaka siku nne. Siku ya tano uso ulivimba, mashavu yakatoa malengelenge, macho hayakufunguka. Kabla jua halijachwa, maneno yalikuwa yameshaenea: Milembe alijuaje? Si yeye aliyekishika? Neno la namna hiyo lilitosha kumhamisha mwanamke kijijini, au kumfanyia baya zaidi. Kesho yake asubuhi Ngassa aliwaita wazee wa ukoo, akamwita na dada yake.

"Umemfanya nini mtoto wangu?"

Milembe aliomba kikopo, akachota, akajipaka upande wa ndani wa mkono, toka kiwikoni hadi kiganjani. Kisha akakisukuma kwa wifi yake.

"Unasema krimu ni nzuri, mbaya ni mimi. Paka na wewe."

Klementina alikitazama kikopo. Hakunyoosha mkono, na wazee walimwona. Siku ya tatu mkono wa Milembe ulitoa malengelenge yale yale, naye akatembea nao wazi, makusudi, hadi kisimani. Ngassa alikifukia kikopo mwenyewe, akasogeza harusi mwezi mmoja. Hakuna aliyemwomba Milembe radhi.

Uso wa Pelagia ulipopoa, ukabaki na doa jeusi chini ya jicho, alikuja kibandani kwa shangazi yake. Milembe alidhani amekuja kushukuru, akamsogezea kigoda. Pelagia hakukaa.

"Ulijua kuwa itaniunguza."

"Nilisema. Mama yako hakusikia."

"Ungeniambia mimi, shangazi. Uso ni wangu. Wewe ulimwambia mama, na ulisema ili aumie."

Milembe alishika kibuyu akaanza kusuka maziwa. Pelagia akaondoka. Aliolewa huko Kimali, na salamu alizotuma nyumbani hazikumtaja shangazi.

Miaka iliyofuata, krimu na poda zilipozidi kuingia, wanawake walimletea Milembe vikopo avinuse. Aliwavuta pembeni, akasema taratibu: tupa, au tumia. Klementina hakuleta kitu. Wawili hao hawakusalimiana tena, hata kwenye misiba, mpaka Ngassa akachoka, akapanda ua wa minyaa katikati ya boma, na kila mmoja akapata mlango wake.