Ratiba ya Kinyozi wa Nayoro

Mimi ni kinyozi, na ile methali isemayo kinyozi hajinyoi sikuielewa sawasawa mpaka nilipofika umri wa miaka sitini na saba. Hapa mjini kwetu Nayoro, kaskazini kabisa mwa Japani, mtu akitaka kwenda mbali kwa treni haanzi kwa kwenda stesheni. Anakuja kwangu. Anakaa kitini, namfunga shuka shingoni, na kabla sijashika mkasi ananiambia anataka kumpeleka mama mkwe Kanazawa bila kubadilisha treni zaidi ya mara tatu. Basi nakitoa kile kitabu kinene cha ratiba kilicho kando ya kioo, nafunua kurasa kwa dole gumba lenye povu, na kichwa kikimaliza kunyolewa safari nayo imeshapangika. Nimewasafirisha watu wengi namna hiyo, na wote walifika. Mimi mwenyewe, kwa miaka arobaini, sikuwa nimepanda treni kupita Sapporo, mji mkuu wa kisiwa chetu.

Si kwamba sikuwa na mpango. Nilikuwa nao, tena mrefu. Mke wangu Chizuko ni mtu wa Makurazaki, kule kusini kabisa reli inakoishia. Tulijuana tukijifunza kunyoa Tokyo, tukafunga ndoa kwao, kisha nikamleta huku kwenye theluji kwa treni na kwa meli ya kuvukia, siku tatu nzima. Siku ya kuondoka, pale stesheni, nilimwahidi baba yake kwa sauti nzito kwamba baada ya miaka miwili nitamrudisha kuwasalimu, kwa reli hiyo hiyo. Mzee akainamisha kichwa. Mpaka anafariki hakuwahi kunikumbusha, na afadhali angenikumbusha.

Nilipanga kila mwaka. Tatizo lilikuwa mwezi wa Machi. Kila Machi ratiba za nchi nzima hubadilishwa, na mimi kila Februari nilikuwa karibu kumaliza. Treni moja ikisogezwa dakika sita kule Akita, mlolongo wote unaporomoka mpaka Kumamoto. Basi nachonga penseli nyekundu na kuanza upya, na lazima nikiri kwamba nilianza upya kwa furaha. Chizuko alikwenda kwao mara nne, kwa ndege, peke yake, na mara tatu kati ya hizo ilikuwa misiba. Nilikuwa namsindikiza uwanjani huku nikimweleza jinsi tutakavyopita mwaka ujao.

Ndipo dada yake, Yasue, akapiga simu. Kumbukumbu ya mama yao, ile ya mwaka wa thelathini na tatu tangu afariki, ingefanyika Jumapili ya mwisho ya Machi, saa nne asubuhi. Chizuko akaweka simu na kuendelea kukunja mataulo.

"Mimi nakwenda kwa ndege," akasema. "Wewe, Baba Kaori, njoo na kitabu chako."

Nilidhani ananitania, mpaka binti yetu Kaori aliponipigia kutoka Sendai na kuniambia mama yake ameshakata tiketi. Moja.

Habari ilienea kabla ya jioni. Onodera, muuza pombe wa mtaa wetu, alikuja kunyolewa ingawa nilikuwa nimemnyoa wiki iliyotangulia. Akajitazama kwenye kioo, akanitazama na mimi.

"Miaka yote umetuvusha sisi," akasema. "Safari hii tutaona kama nahodha mwenyewe anajua kuogelea."

Nilipanga siku nne za treni za kawaida tupu, na kubadilisha mara ishirini na saba. Chizuko alinishauri niache siku moja ya akiba. Nilimcheka. Nilimweleza kwamba treni za nchi hii hazichelewi. Na ni kweli, katika safari nzima hakuna hata moja iliyochelewa.

Siku ya pili, Alhamisi, nilishuka kwenye stesheni ndogo kando ya Bahari ya Japani. Jina lake silitaji kwa sababu ya aibu. Nilikuwa na dakika nne za kubadilisha. Nikasimama pale pale mlango wa behewa utakapofungukia, mkoba miguuni, saa mkononi. Dakika nne zikapita. Upepo ulivuma. Mfanyakazi wa stesheni aliyekuwa akifagia akanikaribia polepole, kama mtu anayekaribia ndege asimrushe, akaniuliza nangoja nini.

"Ya saa tano na dakika nane," nikamjibu.

"Hiyo ni ya Jumamosi na Jumapili, mzee."

Nikafungua kitabu. Juu ya safu kulikuwa na alama ndogo ya almasi, alama ya treni isiyotembea kila siku. Ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa nikiwaonyesha wateja kwa ncha ya kitana, nikiwaambia wajihadhari nayo, maana ndiyo inayowaponza wajinga. Nikakaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu na dakika kumi. Yule bwana aliniletea chai. Hakuniuliza kazi yangu, nami sikumwambia.

Jioni Chizuko aliponipigia simu kutoka kwao nilimwambia safari inakwenda vizuri. Nyuma yake niliwasikia ndugu zake wakicheka na vyombo vikigongana. Nikakaa na penseli, nikashona mpango upya. Ilionekana bado ningeweza kufika Jumapili asubuhi, ilimradi nisikosee tena popote. Lakini kushona huko kulininyima usingizi siku mbili mfululizo, na Jumamosi, baada ya Okayama, nilisinzia. Kondakta aliniamsha kwa heshima zote mwisho wa reli nyingine kabisa, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila mashamba ya machungwa.

Hapo nikampigia mke wangu, nikamwambia yote, ya Alhamisi pamoja na ya machungwa. 

"Rudi Okayama upande treni ya mwendo kasi," akasema.

"Lakini nikipanda hiyo, ratiba yote..."

"Mama yangu hakuwahi kusoma ratiba. Panda."

Nikapanda. Nchi niliyoichora kwa penseli miaka arobaini ikanipita kwa saa chache, na sehemu kubwa yake ilikuwa kuta za mahandaki. Kwenye kioo cheusi cha dirisha niliona uso wangu tu, na nywele zimesimama wima. Nikalala Kagoshima, na alfajiri nikachukua treni ya kwenda Makurazaki.

Chizuko alikuwa amesimama mwisho wa reli, amevaa nguo nyeusi ya kumbukumbu. Hakunilaumu. Alitoa kitana kwenye mkoba wake, akanichana pale pale mbele ya abiria wote watatu, kisha tukaenda.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Tulikalia visigino mbele ya picha ya mama mkwe, ubani ukifuka, mtawa akisoma dua kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Sauti ile ilinifanyia kazi ambayo vitanda vya hoteli vilishindwa. Nilizinduka nikiwa nimeangukia mapajani mwa shemeji Yasue. Mtawa hakusita hata neno moja.

Wakati wa kula, Yasue alinijazia bakuli wali na kusema mbele ya wote, "Mama alikuwa akisema, yule kinyozi wa theluji iko siku atakuja. Ila hakutuambia kama atakuja macho."

Walicheka, na mimi nikacheka, maana sikuwa na pa kujificha.

Siku ya tatu ndipo nilipogundua kwamba Chizuko hakuwa amekata tiketi ya kurudi. Alisema tutarudi kwa treni, wote wawili, lakini kitabu kitabaki. Yasue akakipokea kwa mikono miwili, akakifunga kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka juu ya kifuniko cha pipa la achari kukandamiza figili. Alisema uzito wake unafaa sana.

Tulitumia siku tisa. Chizuko ndiye aliyeamua. Tulishuka mahali kwa sababu miti ya cheri ilikuwa imechanua maua, mahali pengine kwa sababu alisikia harufu ya mkate, na mara moja kwa sababu hakulipenda behewa. Siku za mwanzo mikono yangu ilikuwa ikitapatapa mkobani kama ya mtu aliyeachishwa sigara. Kadiri tulivyopanda kaskazini maua yalizidi kuwa machache, hata Aomori tukakuta theluji bado imelala vivulini.

Pale Aomori aliniomba twende kwenye gati la zamani, zilipokuwa zikifungwa zile meli za kuvushia abiria wa treni. Akasimama akitazama maji.

"Hapa ndipo nilipolia," akasema.

"Lini?"

"Mwaka ule uliponileta. Kuanzia hapa mpaka Hakodate, ng'ambo ya bahari."

Nikamwambia haiwezekani, mimi nilikuwa kando yake muda wote.

"Ulikuwepo. Ulikuwa unaangalia saa. Meli ilichelewa kung'oa nanga dakika tatu, ukawa unamweleza baharia."

 Zile dakika tatu nazikumbuka vizuri mno, na hata uso wa yule baharia naukumbuka. Nikamwomba radhi, nikiwa nimechelewa miaka arobaini. Akanipangusa theluji begani, akasema njaa inamuuma. Tukaingia kwenye kibanda cha supu ya samaki, tukaagiza mabakuli mawili. Tukiwa bado tunakula, treni ya kwetu ikaondoka. Niliisikia vizuri. Nikamwomba mwenye kibanda aniongezee wali.